Lilikuwa Bega Tu

Bwana asifiwe, kanisa! Naona kwaya mmeitikia, wababa bado mnajiuliza huyu leo amekuja na lipi. Asifiwe tena! Haya, sasa tuko pamoja.

Mimi ni Mama Kulwa, msusi, wa hapa hapa Kisesa. Wengi wenu vichwa vyenu nimevishika. Nimesimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya mkono wangu wa kulia, na nitasema yote, hata yale ambayo mume wangu pale nyuma anaomba niyaruke.

Ndugu zangu, mnakumbuka lile bonanza la Pasaka, wamama tulipocheza netiboli na mabinti? Walitutania wiki nzima kwamba tutatolewa kwa machela. Nikasema leo watanitambua. Nikaruka kuudaka mpira, nikaudaka kweli, ila nilivyotua nikalilalia bega. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikainuka nikaendelea kucheza, na tukawafunga, Mungu atukuzwe!

Lakini maumivu hayakuondoka. Kidogo kidogo mkono ukaanza kugoma. Kwanza haukupanda kichwani, baadaye hata kufika usawa wa kifua ikawa kazi. Kufunga kanga kwa nyuma siwezi. Kulalia upande ule sithubutu. Na msusi anashinda mikono iko juu! Wateja walinivumilia, halafu wakaanza kupita mbele ya saluni wakiangalia pembeni. Nikakifunika kiti changu kwa kitenge, nikafunga mlango.

Majirani walinihurumia. Mmoja alinikanda kwa maji ya moto mpaka ngozi ikababuka. Mwingine akauvuta mkono akisema mshipa umepanda juu ya mshipa mwenzake, huyo nilimkimbia. Hospitali walinipiga picha, daktari akasema mfupa haujavunjika, akanipa dawa na kuniambia nimtafute mtaalamu wa kuchua misuli. Dawa nilimeza. Hilo la kuchua nikaona ni mambo ya wachezaji wa mpira, siyo ya mama mtu mzima.

Sasa nije hapa kanisani. Mikono ikiinuliwa kusifu, mimi nainua wa kushoto peke yake. Sadaka natoa kwa kushoto. Wazee nawapa wa kushoto. Mama mkwe alikuja kutoka Magu, nikamtengea chakula kwa kushoto, akakiangalia, akaniangalia, akasema ameshiba. Maneno yakaanza, eti nina pepo. Siwalaumu, ningekuwa upande wenu ningesema zaidi.

Ikafika ibada ya maombezi, nikapita mbele. Mzee Shija, mzee wetu wa kanisa, akaja na upendo wake wote, akaniwekea mkono. Akauweka wapi? Pale pale penye maumivu! Nilipiga ukelele nadhani mpaka Bujora waliusikia, nikaanguka chini. Mkasema pepo limejitokeza. Wakaja wengine kumsaidia mzee. Mimi nazidi kulia, wao wanazidi kukandamiza, wanaliamuru litaje jina lake. Wapendwa, ningekuwa na pumzi ningewaambia linaitwa bega.

Mnacheka, na mimi leo nacheka. Lakini siku ile nilirudi nyumbani nikiwa nimevunjika moyo. Nilianza kujiogopa mwenyewe. Nikawaza, kama kweli ninalo hilo pepo, na Mungu mwenyewe amekataa kulitoa, mimi nitakwenda wapi? Hilo liliniuma kuliko bega. Nikaacha kuja ibadani, nikawa nasali jikoni kwangu.

Na ni jikoni hapo, nikiwa naomba, maneno ya yule daktari yalinirudia, wazi kabisa. Nikaulizia. Nikaambiwa yuko dada Mwanza mjini anafanya masaji ya tiba. Baba Kulwa kusikia masaji, akaweka kikombe chini. Mke wake akalale kwenye kitanda cha masaji, mjini, watu waseme nini? Nikamwambia basi aje alinde mlango. Akaja kweli, na kofia yake, akakaa kwenye benchi akimkazia macho kila anayeingia!

Dada mwenyewe anaitwa Zuhura, Mwislamu, mtu mtulivu, kazi yake ameisomea. Hakunigusa kwanza. Aliuliza nilivyoanguka, ninavyolala, kazi ninayofanya. Halafu akapaka mafuta mikononi, akasema bismillahi, na mimi nikasema kwa jina la Yesu, tukaanza. Alianzia shingoni, akashuka mgongoni, polepole, kidole gumba kikitafuta palipokakamaa. Alipokaribia penyewe nikapiga kelele.

Ndugu zangu, yule dada aliondoa mkono.

Aliondoa mkono, akasubiri. Akaniambia, "Pole, mama. Mwili unalilinda hilo bega. Ukilia nitasimama. Tutafika tu." Nikalia pale kitandani, na safari hii haikuwa maumivu. Tangu nianguke, ndiyo kwanza mtu alinisikia nikilia akasimama. Nikasikia mwili mzima unalegea, na nikajua sina pepo.

Halikuwa jambo la siku moja. Nilikwenda kwa miezi. Nyumbani nikapewa zoezi la kutambaza vidole ukutani, mkono upande taratibu. Zuhura akamwita mlinzi wangu ndani, akamfundisha kunikanda kwa taulo la moto kabla ya zoezi. Huyo huyo mwenye kofia! Sasa ukimkuta ananisimamia utadhani kocha wa timu. Pale ukutani tumetundika picha ya harusi yetu, na vidole vyangu vilikuwa vinaishia mbali chini yake. Siku vilipogusa fremu, Baba Kulwa alitoka nje kwenda kuangalia kuku. Kuku gani? Alikuwa analia, ninamjua.

Leo saluni iko wazi. Nasuka nusu ya kichwa, napumzika, namalizia. Mama mkwe nimemtengea ugali na sato kwa mkono huu, akala akaomba aongezewe. Haujafika juu kabisa, tazameni, unaishia hapa karibu na sikio. Zuhura anasema utafika, na mimi naamini.

Namshukuru Mungu aliyenisikia jikoni. Wewe unayeumwa mgongo kwa kuinamia mpunga, wewe kijana uliyeumia goti mpirani ukajikaza, mtumaini yeye. Omba, na ukimaliza kuomba nenda ukatibiwe, maana mikono yake ni mingi. Na mwenzako akilia, ondoa mkono wako kwanza umuulize.

Mzee Shija, shikamoo baba. Najua tangu siku ile unanipitia mbali. Uliniombea kwa nia njema, na Mungu aliyasikia maombi yako. Nina ombi moja. Njoo hapa mbele, uniwekee mkono pale pale pa siku ile. Njoo, baba, usiogope. Hapo. Kandamiza kidogo.

Kanisa, mmesikia kelele yoyote? Haya, mzee, sasa niombee.