Mkono wa Mwalimu Kipriani

Baba Paroko, ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia ninasoma maisha ya kaka yetu, Mwalimu Kipriani Ntakije, ambaye Mungu alituachia kwa miaka hamsini na mitatu.

Alizaliwa Nyakitonto tarehe 14 Agosti 1961, akasoma shule ya msingi hapo hapo, na mwaka 1984 akahitimu ualimu, akafundisha baiolojia Kibondo, baadaye hapa Kasulu.

Somo alilolipenda ni kulinganisha miili ya viumbe. Kila mwaka alipanga mezani mguu wa mbele wa mbuzi, bawa la kuku, bawa la popo na mguu wa mbele wa chura, mifupa aliyoichemsha na kuianika mwenyewe, na mwisho wa meza, mahali pa binadamu, alikunja shati akalaza mkono wake wa kulia, wanafunzi wakaupapasa mmoja mmoja, mfupa mmoja juu ya kiwiko, miwili chini yake, midogo minane ya kifundo, kisha kiganja na vidole, naye akawaambia kwamba Muumba alichora mara moja tu, huku akarefusha, kule akafupisha.

Alifunga ndoa na Sophie tarehe 6 Oktoba 1990, hawakujaliwa watoto. Sophie alifariki tarehe 2 Februari 2012, na matanga yalipokwisha hakuna aliyepiga hodi tena, watu wakiogopa mifupa iliyoanikwa uani, na waliokutana naye njiani walimpa kifundo cha mkono badala ya kiganja, wakisingizia unga au udongo. Alikipokea akicheka, "Umenipa mifupa minane, Mungu akulipe, kiganja nitakisubiri." Kila mwaka ukaisha bila yeye kushikwa mkono, ila siku ile ya somo.

Novemba 2014 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Wanafunzi walipomtembelea hospitalini, aliwanyooshea mkono uliokonda, akasema sasa wataiona mifupa bila kupapasa. Alifariki tarehe 9 Machi 2015, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na ninyi majirani mliochimba kaburi na kuleta kuni tangu juzi. Kwa ombi lake, mkono wake wa kulia umeachwa nje ya shuka. Mtakapopita kumuaga, mshikeni kiganja. Leo mikono yenu ina udongo kweli, naye hatajali. Wanafunzi watatangulia, wao wamezoea.

Kaka, umesubiri vya kutosha. Pumzika kwa amani.