Nywele Zangu na Mahamri ya Wifi

Mama zangu, shikamooni. Na nyie wenzangu mlioanza kucheka kabla sijasema, ngojeni kwanza, nina mengi ya kusema.

Mimi ndiye msusi wenu hapa Kakuyuni. Vichwa vyenu navijua kuliko waume zenu. Changu hamjakiona mwaka wa pili huu, kilemba nalala nacho. Nywele zilikuwa zinatoka. Nikichana, kitana kimejaa. Utosini pakang'aa kama sahani ya harusi. Msusi mwenye kipara! Nani atampa kichwa chake?

Zile zilizotoka nilizifunga karatasini, nikaweka chini ya godoro. Si ndivyo tulivyofunzwa? Nywele hazitupwi ovyo, mtu asije akakuchezea. Siku moja natazama, hamna. Na aliyefagia chumba ni wifi yangu.

Ndugu zangu, nawaambia, mdomo wangu haukungoja. Nikamfuata bombani, watu wamejaa na mitungi. "Mchawi wewe! Rudisha nywele zangu!"

Alijitwika ndoo yake akaenda. Toka siku ile mahamri anayouza yakawa yanalala. Mnajua, si ni nyinyi mlioacha kununua?

Baadaye akaja chumbani kwangu, akafunga mlango. "Nywele nilizichoma na taka, sikujua. Haya, na hizo ndevu kidevuni, nimekuotesha mimi? Damu ya mwezi umeiona lini?"

Nikahesabu miezi kwa vidole. Mkono mzima ukaisha. Nikatazama chini.

"Vaa viatu, twende."

Akanipeleka hospitali yule yule niliyemwita mchawi. Nilipopimwa, kilemba alikishika yeye. Daktari akasema ni homoni zimeenda kombo, wanawake wengi wanayo. Akanipa dawa, akanikataza kusukwa kwa kuvuta. Mimi, msusi!

Njiani nikasema, "Kumbe hakuna mchawi."

"Yuko," akasema wifi. "Ana mdomo."

Haya, nafungua kilemba. Tazameni. Zinarudi mojamoja, nyingine daktari kasema huenda zisirudi. Sawa. Lakini wateja wa wifi hajarudi hata mmoja, na hao niliwafukuza mimi.

Mwili ukibadilika, dada, nenda ukapimwe kabla hujatafuta wa kumlaumu. Asante daktari. Asante wifi. Nilikutukana mbele za watu, na mbele zao nakuomba radhi.

Beseni lake lile pale mlangoni. Hamri la kwanza nimekula mimi asubuhi, na mwaniona, sijafa. Nani wa pili?