Siri Iliyovuja Yenyewe

Benchi letu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, mbele ya jiko la Shangazi muuza kahawa, na kila mtu ana mahali pake. Mwanzoni hukaa Breki, dereva wa lori aliyestaafu, tuliyempa jina hilo kwa sababu akianza kusema hana breki. Anafuata Wakili, ambaye hajasomea sheria hata kidogo. Aliwahi kuitwa mahakamani kuwa shahidi, akakaa kwenye korido kutwa nzima, jioni akaambiwa arudi kwake, na tangu hapo hazungumzi ila kwa vifungu. Kisha Kinyozi, ambaye kibanda chake kipo nyuma yetu. Mwisho kabisa ni mimi, fundi viatu, wananiita Soli. Kati yangu na Kinyozi pana nafasi, na nafasi hiyo ni ya Fundi Saa. Tangu wiki iliyopita iko wazi, wala hakuna aliyesogea kuijaza. Mwenyewe hajahama mtaa. Yuko ng'ambo ya barabara, chini ya ngazi za duka la vitambaa, kwenye kimeza chake chenye kisanduku cha kioo. Ila kiti chake, ambacho siku zote kilikuwa kinatutazama sisi, amekigeuza kikatazama ukuta.

Kosa lenyewe kila mtu analijua. Fundi Saa alikwenda kunyolewa, na kwenye kiti cha kinyozi mtu husema asiyomwambia hata mkewe. Akasema macho yameanza kumsumbua, skrubu za saa ndogo siku hizi anazitafuta kwa ncha ya kidole. Lakini hilo libaki hapa hapa, akasema, na Kinyozi akaapa. Kesho yake mteja mwingine akakaa kwenye kiti kile kile, akauliza saa yake iliyosimama aipeleke wapi. Kinyozi akamjibu: popote, ila si kwa Fundi Saa, haoni. Habari ilipofika sokoni, Fundi Saa alikuwa kishakuwa kipofu wa kushikwa mkono kuvuka barabara. Wateja wakamkatikia.

— Leo pia hajavuka, akasema Breki.

— Hajavuka, akajibu Kinyozi, macho kwenye kikombe. Sasa mimi nifanyeje? Siri imevuja.

— Paa ndilo huvuja, mwanangu, akasema Shangazi huku akipuliza makaa. Siri husemwa.

— Shangazi, nimeshakwambia sikukusudia. Nilikuwa na wembe mkononi. Nikishika wembe, akili yangu yote huhamia kwenye mkono. Mdomo unabaki peke yake, hauna msimamizi.

— Kumbe miaka yote tunanyolewa na mtu ambaye hayupo, nikasema.

— Mwacheni kijana wa watu, akasema Breki, ingawa Kinyozi ana wajukuu. Shetani alimpitia tu.

— Akielekea wapi? akauliza Shangazi.

— Nani?

— Huyo shetani. Anayepitia ana safari yake. Alikuwa anatoka wapi, anakwenda wapi, hata njia yake ikaangukia kwenye kibanda cha kinyozi?

— Labda ndevu zilimzidi, nikasema.

Breki akaninunia. Wakili akakohoa kile kikohozi chake cha kufungua kikao, akaweka mguu juu ya mguu.

— Tusiingize mashetani, hawana anwani. Twende kwa kifungu. Mteja asingeuliza, Kinyozi angejibu nini? Asingejibu. Kwa hiyo mshtakiwa wa kwanza ni mteja. Lakini mteja aliuliza kwa nini? Kwa sababu saa yake ilisimama. Ilisimama kwa nini? Betri imekufa. Basi mwenye hatia ni aliyetengeneza ile betri.

— Na yuko wapi? nikauliza.

— Ng'ambo ya bahari. Hakamatiki. Kesi imefungwa.

Nikamwona Kinyozi akinyoosha mgongo kidogo, akanywa funda moja. Ilikuwa mara ya kwanza kunywa tangu alipokaa. Lakini Breki hawezi kuachwa nyuma barabarani, hata katika maneno.

— Betri ni karibu mno, Wakili. Umesimama kituo cha kwanza. Mimi nakwenda mbali. Mnamkumbuka bibi yake huyu Kinyozi?

Tulimkumbuka. Yule bibi alikuwa akitangaza matanga mgonjwa angali anakunywa uji.

— Basi. Na mama yake vilevile, kinywa hakikai na kitu. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Ulimi ule ni wa urithi, kapewa kama mimi nilivyopewa goti hili bovu na baba yangu. Utamlaumu mtu kwa goti?

— Na bibi aliutoa wapi? akauliza Wakili.

— Kwa bibi yake.

— Na huyo?

— Bandu bandu huisha gogo, akasema Breki, akajiegemeza kama mtu aliyemaliza.

Methali za Breki ni kama vipuri vyake vya zamani: anafunga chochote kinachoingia, ilimradi gari litembee. Tumeshazoea, hatumuulizi. Wakili yeye aliona mkutano unachukuliwa, akapanda gia.

— Sikilizeni. Mimi nampita hata huyo bibi. Ukweli ni kwamba hakuna mtu anayefanya jambo. Mambo ndiyo yanayotufanya sisi. Umeamka, umepiga mswaki. Nani aliamua? Ule uchungu wa mdomo ndio ulioamua. Umekuja hapa. Nani alikuleta? Harufu ya kahawa. Soli, wewe ni shahidi wangu. Kiatu kinachagua njia? Hakichagui, kinapelekwa na mguu. Na mtu ni hivyo hivyo.

— Na mguu unapelekwa na nini? nikauliza.

— Na kiatu kinachobana, akadakia Breki. Kikibana, mguu lazima urudi nyumbani.

Hapo mimi nikaweka chini kiatu nilichokuwa nakishona. Siwezi kuvumilia viatu vikisingiziwa.

— Breki, nikamwambia, umeendesha lori maisha yako yote, hujagonga hata kuku.

— Hata kuku. Waulize wenzangu waliobaki.

— Basi sifa si zako. Ni lile lori lilikuwa na tabia njema.

Uso wake ukabadilika. Breki unaweza kumtania goti, kipara na hata mke, asiudhike, lakini ajali asizopata ndiyo mali yake pekee duniani.

— Soli, acha hizo. Mimi nilikuwa macho. Wenzangu wanaendesha huku wanasinzia, mimi naegesha pembeni, nalala, nikiamka nanawa uso ndipo naondoka. Tajiri anafoka, namwacha afoke. Niliamua mimi.

— Hukuamua. Usingizi ndio uliokuegesha. Pengine bibi yako alikuwa mtu wa kulala mapema.

— Usiniguse lori langu, nakwambia.

— Naona hivi, Wakili akaingilia kwa upole. Sifa tubaki nazo wenyewe. Lawama ndizo zipelekwe ng'ambo. Sheria inaruhusu.

Shangazi akacheka mpaka akashika ubavu. Breki hakucheka. Akanyanyua mkono kutuonyesha alivyokuwa akiushika usukani kwenye kona kali, kona ikamzidi, kiwiko kikasomba kikombe, kikaenda chini na kupasuka.

Breki akavitazama vile vigae.

— Kikombe kimevunjika, akasema.

— Kimevunjika, au umekivunja? akauliza Shangazi.

— Kimevunjika, Shangazi. Si umeona mwenyewe? Mimi nilikuwa naeleza tu, kikaja njia ya mkono.

Lugha yetu nayo ina huruma ya kupita kiasi. Kila mwenye kosa imemwekea mlango wa uani: maziwa yamemwagika, nguo imeungua, usingizi umenipitia. Vitu vinajifanyia vyenyewe, na wenye mikono wamesimama kando wanashangaa.

— Haya, akasema Shangazi. Basi na birika limegoma kukumiminia kingine. Nalisihi, halitaki. Nadhani limerithi kwa birika la zamani.

Hata Breki alitabasamu hapo. Ni Kinyozi peke yake ambaye hakutabasamu. Alikuwa ametazama ng'ambo, kwenye ule mgongo ulioinama juu ya kimeza.

— Nyinyi mnacheka, akasema. Mimi usingizi umenihama. Yule ndiye aliyesimama nami nilipooa. Juzi nimemtuma mtu ampelekee neno langu. Akajibu, "Nimesikia." Basi.

— Neno gani ulimpelekea? akauliza Shangazi.

— Nilisema aambiwe pole kwa yaliyotokea.

Shangazi akaacha kupuliza makaa.

— Pole? Mwanangu, pole huambiwa mtu aliyenyeshewa na mvua. Mvua na ikae kimya, haina la kusema. Lakini wewe ndiye uliyemmwagia maji.

— Ningesemaje?

— Kwani hulijui neno? Nisamehe.

— Nikisema nisamehe nimekubali kwamba ni mimi. Na wenyewe mmesikia hapa, kuna betri, kuna bibi, kuna mteja. Akaweka kikombe chini. Sikilizeni niwaambie. Tangu asubuhi mnanitoa hatiani, na nawashukuru. Lakini kila mkinitoa, nikitazama pale, naona yule bado amenipa mgongo.

Nikakiokota tena kiatu changu na sindano. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilimkasirikia.

Ndipo akaja mwanamke mmoja ambaye hatujawahi kumwona, amevaa sare nyeupe ya uuguzi na viatu ambavyo visigino vyake, samahani lakini ndiyo kazi yangu, vilikuwa vimelika upande mmoja. Mkononi alikuwa na leso iliyofungwa.

— Hamjambo wazee wangu?

— Hatujambo, binti. Karibu kahawa, akasema Shangazi.

— Ahsante mama, nitakunywa siku nyingine. Nimeelekezwa kwamba mtaa huu una fundi saa. Ndiye yule aliyetupa mgongo?

— Ndiye, akasema Wakili.

Akafungua leso. Ndani mlikuwa na saa ndogo ya kubana kifuani, ya wauguzi, ile inayoning'inia kichwa chini.

— Mshale wa sekunde umekwama. Hii ndiyo naihesabia mapigo ya wagonjwa, kwa hiyo siwezi kumpa mtu wa kubahatisha. Sasa kuna mtu kazini kwetu ameniambia nisimpelekee fundi huyu, eti haoni. Lakini mimi namwona pale ameinama na kazi yake. Nani alisema haoni?

Swali jepesi kabisa, mtoto angelijibu. Na majibu tulikuwa nayo tele, tulishinda tukiyapika. Nikamgeukia Breki ili amtaje shetani, nikamkuta anaokota vigae vya kikombe, kimoja kimoja, kwa makini ambayo sijapata kuyaona kwake. Nikamtazama Wakili. Hakuwa na kifungu. Mwanamke mwenye saa iliyokwama anakutazama usoni, halafu umwambie habari za betri na bibi aliyezikwa zamani? Mimi mwenyewe nilijiinamia, nikaanza kutafuta sindano niliyokuwa nimeishika.

Muuguzi akatuzungushia macho, mmoja baada ya mwingine.

— Mimi, akasema Kinyozi.

— Wewe ndiye unayemtibu macho?

— Hapana. Mimi kinyozi.

— Uliona saa aliyoiharibu?

— Sijaona hata moja. Aliniambia mwenyewe kwamba macho yanamsumbua kidogo, akaniomba nisiseme. Mimi nikasema. Tena nikaongeza.

Yule binti hakukasirika. Alimtazama jinsi nadhani anavyovitazama vidonda, kujua tu kina chake, kisha akaifunga leso.

— Basi twende ukanipeleke kwake.

— Mimi? Ataniona uso wangu aukasirikie.

— Si ulisema haoni? nikachomeka.

Hakuna aliyecheka, na sikustahili kuchekewa. Kinyozi akasimama. Akajifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu, akamtangulia muuguzi kuvuka barabara.

Kile kiti kilikuwa kimeelekea ukuta, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kusimama mbele ya Fundi Saa. Kinyozi, mtu mnene, ilibidi ajipenyeze ubavu ubavu kati ya kimeza na ukuta, tumbo amelivuta ndani, mpaka wakatazamana. Alichosema hatukukisikia. Tuliona midomo yake tu, ikienda polepole, ikasimama, ikaenda tena. Halikuwa neno refu. Fundi Saa hakunyanyua kichwa. Alinyoosha kiganja kwa muuguzi, akapokea ile saa, akaifungua mgongo, akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali, akairudisha. Muda ulikuwa mrefu. Shangazi aliacha maji yakachemka mpaka yakamwagikia moto, na hakuyashughulikia.

Kisha sauti ya Fundi Saa ikavuka barabara, kavu, ile ile tuliyoizoea.

— Shika tochi. Hapa, usitikise. Na huo mdomo ufunge.

Kinyozi akaishika tochi kwa mikono miwili, amebanwa na ukuta, shingo imepinda. Muuguzi akakaa kwenye ngazi kusubiri. Baada ya kitambo mteja mmoja akafika kwenye kibanda cha kinyozi, akakuta kiti kitupu, akatujia kutuuliza mwenyewe kaenda wapi na anafanya nini huko. Tukamwonyesha kwa kidole. Hatukuongeza neno.