Vitunguu vya Safari ya Uongo

Shikamooni wazazi wangu. Na vijana, poleni na baridi. Mzee wa jumuiya kasema nisimame niseme kidogo. Mimi ni mtu wa mashine, maneno hunipa shida, mnivumilie.

Nilianza kiwandani kama injinia wa boila. Nilikuwa na raha! Tulikula makande na mafundi kwenye sufuria moja, tunataniana, nanuka dizeli mpaka kwenye shuka. Kisha wakubwa wakanipa idara nzima, na ofisi yenye zulia. Chakula nikaletewa humo, kimefunikwa, nakula nikitazama ukuta.

Ndugu zangu, nawaambia, upweke wa namna ile sikuwahi kuujua. Nikitokea, stori zinakatika. Fundi mmoja tuliyeanza naye kazi, aliyeniita mwanangu siku zote, akaanza kuniita bosi. Nami nikadhani kuongoza ni kufanya kazi ya kila mtu. Mtu akishika spana, namnyang'anya. Pampu ikigoma Jumapili, nakwenda mwenyewe. Mke wangu anafundisha Iringa. Akipiga simu, namwambia niko salama.

Mwili ukakataa. Asubuhi moja nilishindwa kufunga vifungo vya shati, mikono inatetemeka. Daktari akasema ni uchovu, nipumzike. Nikaona aibu. Bosi mzima anaumwa uchovu? Nikatuma ujumbe kazini na kwa majirani kwamba nimesafiri kwenda Morogoro, nikajifungia ndani, nyumbani kwangu pale Iyunga.

Mnajua kwetu. Ukisikika unaumwa, watu wanajaa sebuleni, huyu na uji, yule na maombi yasiyoisha. Mimi sikusikia hodi hata moja. Nikawa nasikia majirani wakicheka nje, nalia. Nani angekuja, wakati nimeshaaga?

Niliporudi kazini, mafundi wakanilaki getini. "Pole na safari, bosi! Vitunguu viko wapi?" Maana ukipita Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu vya barabara ya Morogoro, ukarudi Mbeya mikono mitupu, husamehewi. Nikafungua mdomo nitunge uongo mwingine, nikashindwa. Machozi yakanitoka mbele za watu.

"Sikwenda popote," nikasema. "Nilikuwa ndani, naumwa."

Yule fundi akanitazama kwa hasira hasa. "Kwa hiyo wewe unaumwa peke yako, sisi tuko hapa tunangoja vitunguu? Na ungefia humo ndani, mwanangu?"

Mwanangu! Sikuwa nimeitwa hivyo tangu siku ya lile zulia.

Jioni wakaja nyumbani wote, na uji, ingawa nilishapata nafuu. Tangu hapo spana nimewaachia wenyewe. Asubuhi nauliza habari za nyumbani kwao kabla ya habari za boila. Makande tunakula pamoja, na muda wa kutoka ukifika natoka. Boila inachemka vizuri tu bila mimi, jambo ambalo mwanzoni liliniuma kidogo.

Nawashukuru mafundi wale. Namshukuru mke wangu, aliyenifokea wiki nzima ndipo akanisamehe. Namshukuru Mungu. Nanyi mnaoongoza watu, ukiumwa, sema unaumwa. Usiwaage watu unaowahitaji waje kubisha hodi mlangoni kwako.

Juzi nimekwenda Morogoro kweli. Gunia la vitunguu liko pale nje, kila mtu achukue, ndaga fijo, asanteni sana. Na tangu Jumanne mikono imeanza kutetemeka tena kidogo. Kesho nitakuwepo nyumbani. Njooni.