Bwana ya Jeudi

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, wanawake thelathini na mmoja wenye mimba walikuwa wakingoja katika kituo cha afya cha mtaa wa Murara. Vipimo vya damu vya virusi vya UKIMWI vilivyobaki vilikuwa kumi na vinne. Aliyekuja na bwana wake alipimwa kwanza. Aliyekuja peke yake alingoja, na mara nyingi vipimo viliisha kabla ya zamu yake. Ng'ambo ya barabara, juu ya mawe ya volkano, kulikuwa na benchi ambapo Mama Sidonie aliuza kahawa.

Wanaume watatu walikaa hapo kila asubuhi. Balagizi, karani mstaafu wa mahakama kutoka Bukavu, aliitwa Greffier kwa kuwa alimhukumu kila apitaye. Fiston aliitwa Docta. Aliwahi kufagia duka la dawa. Niyibizi, mtu wa Masisi aliyefiwa na mkewe, aliitwa Bwana ya Jeudi, yaani wa Alhamisi. Akina mama waliokuwa peke yao walimwomba akae nao siku ya Alhamisi kama bwana wao, na mwaka huo alikuwa amekubali mara sita. Hakuomba kitu. Aliipenda ile saa moja ambayo watu walisogea na kusema: papa na mama wapite. Nyumbani kwake hakuna aliyemwita papa.

Wiki hiyo utaratibu ulibadilika. Bwana naye alitakiwa kutoa damu, tena yeye kwanza. Niyibizi akabaki benchini na kikombe chake.

Wenzake walibishana kwa nini virusi viliwapata zaidi akina mama maskini. Docta alisema ni mbu wa ziwani, wanaopenda damu ya watu wawili. Greffier akasema mbu hao hawafiki Murara. Ni ndoo za kambi ya wakimbizi, zilizopita katika mikono mingi. Docta akahamia kwenye moshi wa volkano, unaofungua mishipa.

— Na Bukavu? Kule volkano iko wapi? Greffier aliuliza.

— Moshi unapanda bateau, unavuka ziwa, muzee.

Mke wa Niyibizi alikonda kwa miezi minane, akazikwa bila mtu kuutaja ugonjwa. Yeye pia hakuuliza.

Ndipo akaja Patricia, mimba ya miezi saba, vumbi jeusi hadi magotini. Alikuwa ametembea kutoka Kibati. Alhamisi iliyopita vipimo viliisha wakiwa wamebaki watu wawili mbele yake. Alimwulizia Bwana ya Jeudi.

— Ni mimi, mama. Lakini leo banatoboa na wanaume mukono.

Greffier alitaka kujua bwana wake halisi yuko wapi. Patricia alieleza bila haraka. Vita vilimtoa Kalengera na mtoto mmoja na ndoo. Mwanamume wa Kibati akampa chumba. Alipomwomba wapimwe kabla ya kulala pamoja, yule alimwambia mlango uko wazi. Nje mvua ilikuwa inanyesha.

— Ungekataa, Docta alisema.

— Ningelala wapi na mutoto?

Docta alitazama ndani ya kikombe.

— Banasema mama akijua mbele ya kuzaa, anapata dawa, na mutoto anaweza kuzaliwa muzima, Patricia alisema. — Niko na miezi mbili tu. Akawaangalia mmoja mmoja. — Kati yenu batatu, nani anajua damu yake?

Greffier alimnyooshea Sidonie kikombe. Sidonie aliinamisha thermos. Haikutoka hata tone.

Niyibizi alisimama, akavuka barabara na Patricia. Watu walisogea, wakasema papa na mama wapite. Safari hii hakuinua macho. Muuguzi, Infirmière Aurélie, alitazama ndani ya sanduku la vipimo.

— Imebaki moja tu. Tunaanza na papa.

— Umupe mama, Niyibizi alisema.

— Na wewe?

— Nitarudi kesho.

Patricia alitoka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alisema aksanti, papa. Niyibizi hakumuuliza kitu. Alisimama mlangoni mpaka alipotoweka machoni pake kwenye barabara ya Kibati. Benchini, Greffier na Docta walikuwa wameshaondoka.

Vipimo vipya vililetwa jioni. Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, Aurélie alifungua mlango. Niyibizi alikuwa amekaa nje, peke yake, mkono wa shati umekunjwa.