Shangazi Plasta Anavua Koti la Maabara

Tarehe thelathini mwezi huu, mwenzetu wa maabara ya vipimo anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kwenye hati ana jina refu la heshima. Sisi tunamwita Shangazi Plasta, na hata mkurugenzi humwita hivyo akijisahau.

Alianza hospitalini kwa kupima damu za wagonjwa wa sukari. Vidole vyao vilivyochakaa kwa kudungwa vilimuuma moyo, akahamia kwetu kutafuta njia nyingine: plasta laini, nyembamba kama ganda la kitunguu, inayobandikwa mkononi, ikasoma sukari kwenye jasho na kutuma jibu kwenye simu. Jasho alilisaka popote. Wahasibu walipandishwa ngazi, dereva akarukishwa kamba, na mlinzi wa getini akimwona anakuja alikumbuka ghafla kazi nyuma ya jengo.

Ila plasta za mwanzo zilikuwa zikisema uongo. Mkono ukikunjwa, nyaya za ndani zilikatika, na namba ikabaki nzuri hata sukari ikiporomoka. Ndipo mdogo wake wa kike, mgonjwa wa sukari aliyeishi peke yake, alipokuja kuomba moja.

"Dada, bora hiyo kuliko kulala bila kitu."

"Ikikudanganya, mdogo wangu, nitakuwa nimekuua mimi," alimjibu, akamsindikiza hadi kituo cha basi bila kumpa.

Mdogo wake alifariki usingizini, sukari imeshuka, kabla hatujapata plasta ya kuaminika. Shangazi alirudi baada ya msiba, akaendelea kukunja na kukunjua vipande vyake. Tulimwambia alifanya sawa.

"Nilifanya sawa, najua," alisema. "Lakini mdogo wangu simwoni."

Alipozichora nyaya kwa mtindo wa mawimbi, zilinyumbuka bila kukatika. Leo plasta hiyo inatumika kliniki. Mwaka jana fundi cherehani mmoja aliyeivaa alishukwa na sukari usiku, simu ikamwamsha mumewe, akawahi kumpa maji ya sukari. Mama huyo alikuja mwenyewe kushukuru. Alipoondoka, Shangazi aliingia stoo akafunga mlango, nasi tukamwacha alie.

Shangazi, tungetamani kazi hii ingewahi. Haikuwahi, na pole ya jambo hilo hatujui kuisema vizuri. Asante kwa kukataa kutoa kitu kibovu, hata kwa uliyempenda. Nenda ukapumzike. Siku zako ziwe nyepesi, mwili uwe na afya, na mlango wako usikose wa kubisha hodi.