Kidole Kwenye Keki ya Sukari Guru

Benchi la mbele ya duka la Hamira, mwoka keki, halina mgongo, na watu wake hawana haya. Kila asubuhi hukaa hapo Spana, fundi baiskeli ambaye hujawahi kumwona akigusa baiskeli, na Mwalimu, mstaafu wa hesabu anayesahihisha hata salamu. Birika moja la kahawa, maneno bure. Asubuhi hiyo Hamira alitoka jikoni na unga hadi kwenye nyusi, akakaa katikati yao. Keki ya harusi ya binti yake wa pekee ilikuwa kwenye oveni, na alikuwa ameitia sukari guru makusudi.

— Guru? Spana akashtuka. Si mtoto alisema anataka keki nyeupe?

— Nikitia nyeupe, mama yake haji.

Kisa walikijua. Mwezi uliopita sukari nyeupe iliadimika madukani, Hamira akaponda guru kwenye kinu, akapima kikombe kwa kikombe, akapunguza maziwa maana guru ina unyevu wake. Keki ikatoka ya kahawia, laini kama nini. Ila alipofungua oveni, katikati palikuwa na alama ya kidole, vile vile marehemu mkewe alivyokuwa akibonyeza keki kujua kama imeiva. Tangu siku hiyo kila keki ya guru ina alama. Ya sukari nyeupe haina.

— Sayansi hiyo, alisema Mwalimu. Unyevu ukizidi, keki hutumbukia katikati. Ongeza unga kijiko kimoja, kwisha habari.

— Itumbukie na alama ya ukucha, Mwalimu?

Mwalimu akanywa kahawa.

— Mimi nasema panya, alisema Spana.

— Ndani ya oveni ya moto?

— Mficha uchi hazai, bwana.

— Hiyo inahusiana nini na panya?

— Wewe ndiye msomi, tafuta! Haya, acha panya. Sukari nyeupe imechujwa, imeoshwa, haikumbuki hata ilikotoka. Guru je? Inachemshwa na kila kilichokuwa ndani ya muwa. Na muwa unanyonya wapi? Ardhini. Na ardhini, jamani, wamelala akina nani?

— Lo! Basi ukitia asali watakuja nyuki wafu, alisema Mwalimu, lakini hakucheka. Akazungusha kikombe, akaongeza: Ile keki ya guru niliyonunua Jumatano… niliifungia kabatini. Asubuhi kile kishimo cha kidole kilikuwa kimefika kwenye sahani.

— Mbona hukusema?

— Ningesemaje? Mimi mtu wa hesabu.

Spana akasogea mwisho wa benchi. Hamira yeye alitabasamu.

— Anaonja tu. Alipenda keki, mwenzangu yule.

Alimkumbuka mkewe hadi mbavu zilimuuma. Miaka mitatu nyumba kimya. Kesho binti anaolewa, na upande wa mama ni kiti kitupu. Hamira hakuomba makubwa. Alitaka mama wa mtoto aguse keki ile, basi.

Teksi ikasimama. Akashuka mdogo wa marehemu na begi lake, amesafiri njia nzima kwa ajili ya harusi.

— Shemeji! Hamjambo hapo?

— Hatujambo, shemeji, karibu! Pole na safari.

Akavuta pumzi, akakunja pua.

— Harufu gani hii? Guru?

Hamira akamweleza yote, kwa furaha, kama mtu anayetoa habari za mgonjwa aliyepona. Shemeji alisikiliza, halafu akakalia begi lake palepale.

— Shemeji, dada alikuwa hali guru. Tangu tukiwa wadogo, akiinusa tu anatapika. Hakuwahi kuiingiza jikoni kwake. Umesahau?

Hamira hakuwa amesahau. Alilijua hilo tangu keki ya kwanza, akalimeza, kwa sababu upweke ulikuwa umemzidi.

— Sasa huyo uliyemzoesha kuja, shemeji, ni nani?

Spana aliweka kikombe chini. Ndani, kengele ya oveni ikalia. Keki ilikuwa imeiva. Ikalia tena, na tena, na pale kwenye benchi hakuna aliyeinuka kwenda kufungua oveni.